Gari moja la kazini na la shamba: namna ya kuchagua lisilokumaliza kwa mafuta

Swali hili halikauki: "Uwezo wangu ni gari moja. Jumatatu hadi Ijumaa naenda kazini, wikiendi naenda shamba. Ninunue gari gani lisilokula mafuta?" Wengine wanaouliza, shamba lao ni pori lenyewe: wana mizinga ya nyuki, wanapima ardhi, au wana kibali halali cha kuwinda na msimu ukifika wanataka kufika kambini na kurudi. Majibu wanayopata ni mawili tu. Mmoja atawaambia wachukue IST, gari dogo la Toyota, wasiteseke; mwingine atawaambia bila Prado, lile jipu kubwa la Toyota, wasahau shamba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza barabara ikoje.

Mwongozo huu ni wa anayenunua gari la mtumba kutoka Japani, ama kwa kuliagiza ama kwa kulinunua hapa hapa mtaani. Mifano ni ya Tanzania. Ukiwa Kenya kumbuka kwamba gari linaloingizwa haliruhusiwi kuzidi miaka minane, kwa hiyo baadhi ya magari ninayoyataja utayapata tu yale ambayo tayari yana namba za Kenya.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari na kalamu. Simu inatosha pia, ila ukiwa chini ya gari daftari ni rahisi zaidi.
- Futi ya kupimia, ile ya fundi seremala.
- Tochi yenye mwanga mkali.
- Kipimo cha upepo wa matairi. Ni kifaa cha bei ndogo, nacho utakitumia maisha yote ya gari.
- Fundi wako mwenyewe, si wa dalali wala rafiki wa muuzaji. Mlipe siku yake.
- Bajeti iliyogawanywa mara mbili: ya kununulia, na akiba ya kufanyia marekebisho ya mwanzo. Hela yote ikiishia kwa muuzaji utabaki na gari lenye matairi yaliyokwisha, na hapo shamba ndiyo basi.

1. Andika kilomita zako za mwezi

Usiangalie gari hata moja kabla ya kufanya hesabu hii. Andika kilomita za kwenda na kurudi kazini, zidisha kwa siku za kazi. Andika za shamba, kwenda na kurudi, zidisha kwa mara unazokwenda. Kisha chora mstari, uandike peke yake kile kipande kibaya, kuanzia pale unapoiacha lami.

Tuchukue mtu anayeendesha kilomita 40 kwa siku kwa siku 24: hizo ni kilomita 960. Shamba liko kilomita 100 kutoka nyumbani, anakwenda mara mbili kwa mwezi: kilomita 400. Jumla 1,360. Kipande kibaya ni kilomita 10 tu za mwisho, na kwa safari zote hizo kinafika kilomita 40. Yaani katika kila kilomita 100 anazoendesha, za shida hazifiki 3.

Sasa weka mafuta. Gari la kilomita 14 kwa lita litatumia lita 97 hivi kwa mwezi. La kilomita 8 kwa lita litatumia 170. Tofauti ni lita 73. Ukiweka bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni 219,000 kila mwezi, na kwa mwaka ni zaidi ya milioni 2.6. Hela hiyo ingeweka matairi mapya manne, ingefanya sevisi za mwaka mzima, na siku mbili tatu za mvua kubwa ingemlipa mwenye bodaboda au trekta la kijijini likuvute. Ndiyo maana nasema gari lichaguliwe kwa kilomita nyingi, kisha zile chache za mwisho zitafutiwe dawa yake.

Lakini kama hesabu yako imetoka tofauti, kipande kibaya kikawa robo au zaidi ya safari zako zote, basi wewe ni mtu wa gari la pori kweli. Hatua ya 3 isome mara mbili.

2. Kitembee kipande kibaya kwa miguu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Nenda hadi lami inapoishia, shuka, tembea na futi yako. Unatafuta mambo manne.

La kwanza ni tuta la katikati. Njia za shamba zinachimbwa na malori na matrekta. Matairi yao yanaacha mifereji miwili, katikati kunabaki tuta la udongo na majani. Weka ubao au fimbo iliyonyooka ilale juu ya tuta kuelekea kwenye mfereji, kisha pima kutoka kwenye fimbo hadi chini kabisa mwa mfereji. Tuta likiwa sentimita 12, gari dogo la kawaida litapita ukiendesha kwa akili. Likiwa 18, gari hilo hilo litaburuza tumbo. Likifika 22, hata magari mengi yanayoitwa ya juu yatagusa.

La pili ni aina ya udongo. Kichanga, kama kilivyo sehemu nyingi za Mkuranga na Rufiji, kinasumbua zaidi kiangazi kikiwa kikavu, mvua ikinyesha kidogo kinashikana na unapita. Udongo mweusi wa mbuga ni kinyume chake. Kiangazi ni mgumu kama sakafu, ukilowa unajaa kwenye matairi hadi yanakuwa mapira ya tope yasiyoshika chochote. Kwenye mbuga iliyolowa hata foo wili (gari linalosukumwa na matairi yote manne) inakwama, na inakwama ndani zaidi kwa sababu ilifika mbali zaidi kabla ya kukwama.

La tatu ni makorongo na vivuko. Angalia pembe: gari likishuka korongo, bampa ya mbele itagusa ukuta wa pili? Gari fupi lenye matairi yaliyokaa pembeni kabisa, pua yake ikiwa fupi, hupita mahali ambapo sedani ndefu huacha bampa.

La nne ni kuwauliza wenyeji. Uliza hivi: "Masika njia hii hukatika wiki ngapi?" Usiulize kama inapitika, maana mwenyeji mwenye pikipiki atakwambia inapitika, na hatakuwa amekudanganya.

3. Amua: urefu wa tumbo, au foo wili, au vyote viwili

Wengi wanachanganya mambo haya mawili. Urefu wa tumbo ni nafasi kati ya ardhi na kitu cha chini kabisa cha gari. Foo wili maana yake injini inasukuma matairi yote manne. Gari linaweza kuwa na foo wili na tumbo likawa chini. IST na Probox (gari dogo la mizigo la Toyota) zipo za namna hiyo, zilitengenezwa kwa ajili ya theluji ya Japani na si kwa makorongo ya Kisarawe.

Kwa njia nyingi za shamba nilizoziona, kinachomkwamisha mtu ni tumbo. Gari likishakaa juu ya tuta matairi yananing'inia, na hapo hata yakisukuma yote manne hayana cha kushika. Kwa hiyo:

- Njia ngumu (yaani ardhi iliyoshikana, si mchanga wala tope), tuta chini ya sentimita 14, unakwenda zaidi kiangazi: gari dogo linalosukumwa na matairi mawili tu linatosha.
- Tuta la sentimita 14 hadi 18, au mchanga wa wastani: tafuta tumbo la sentimita 18 hadi 20. Foo wili ni nyongeza nzuri, si lazima.
- Mchanga mzito, milima yenye utelezi, au njia unayolazimika kupita hata masika: foo wili na tumbo, vyote.
- Mawe makubwa, kupanda kingo za mto, kukata pori pasipo njia: hapo unahitaji gari lenye gia nzito za ziada (za mwendo wa polepole wenye nguvu nyingi), na mafuta utalipa.

Angalizo: foo wili hula mafuta hata siku ambazo huihitaji. Difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili), propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu) na uzito wote ule unavibeba kila asubuhi kwenye foleni ya Mbagala, Dar es Salaam.

4. Pima mzigo

Gunia la mahindi ni kilo 100, mtu mzima weka 70. Watu wanne na magunia mawili ni karibu kilo 480, na kwa gari dogo huo tayari ni mzigo wa kupitiliza. Probox ya mizigo ilitengenezwa kubeba kilo 400 wakiwa watu wawili, na 250 wakiwa watano. Ukipakia kupita hapo, springi zinakaa, na ule urefu wa tumbo ulioupima yadi gari likiwa tupu unaukuta umepungua sentimita kadhaa. Ukipima gari, lipime watu wakiwa wamekaa ndani.

Kama mavuno yako ni tani na tani, kodi lori la Fuso au Canter siku ya mavuno. Usinunue pikapu ya kuendesha mwaka mzima kwa ajili ya siku nne.

5. Chagua injini na gia

Kwa matumizi haya, injini ya petroli ya lita 1.3 hadi 1.5 ndiyo mahali pazuri. Chini ya hapo, kilima na mzigo vitakufanya ukanyage mpaka mwisho, na gari la lita 1.0 linalokanyagwa hivyo halibanii mafuta tena. Juu ya lita 2.0 unaanza kulipa foleni kwa bei ya pori.

Dizeli inavutia kwa nguvu zake za chini na kwa kilomita zake barabara ndefu. Shida iko kwenye dizeli mpya zenye chujio la moshi kwenye bomba. Chujio hilo linahitaji safari ndefu yenye joto ili lijisafishe. Kwa mtu wa foleni za kilomita 15 kila siku linaziba, na kulirekebisha ni gharama kubwa. Dizeli ya namna hiyo inamfaa anayekwenda Morogoro au Tanga kila wiki, si anayeishi kati ya Kimara na Posta.

Gia ya mkono inakupa mamlaka kwenye mchanga na mteremko, na hubana mafuta kwa mtu anayejua kuitumia. Otomatiki ya kawaida yenye gia nne haina tatizo na mafundi wengi wanaijua. Zile otomatiki za mkanda, yaani CVT, zinabana mafuta vizuri barabarani ila zinapata joto haraka zikilazimishwa kwenye mchanga, na zinataka mafuta yake maalumu. Fundi akikwambia "mafuta ya gia boksi ni yale yale tu", chukua ufunguo wako uondoke.

Haibridi kama Toyota Aqua haina mpinzani kwenye foleni. Lakini tumbo lake liko chini sana, na betri yake kubwa inapoozwa kwa hewa inayoingia kupitia tundu lililo chini ya kiti cha nyuma. Magunia na vumbi vikiziba tundu hilo, betri inachemka na kuzeeka mapema. Kama njia yako ni ngumu na safi, inafaa. Kama ni ya vumbi na tuta, iache.

6. Tengeneza orodha fupi

Kilomita ninazoandika hapa ni makadirio ya gari zima, lenye dereva mtulivu, mjini na safari vikichanganywa. Taarifa za Japani husema zaidi, kwa sababu vipimo vile hufanyiwa maabara.

*Toyota Probox na Succeed, lita 1.5.* Kilomita 13 hadi 15 kwa lita. Hii ndiyo chaguo langu kwa mtu wa njia ngumu mwenye mizigo. Injini ya 1NZ inatumia cheni, haina mkanda wa kubadilisha, na spea zake zimejaa Kariakoo. Kiti cha nyuma si cha starehe, nalo ni jambo la kumweleza mama watoto mapema. Mafundi wengi huiwekea springi ngumu za nyuma na matairi ya mizigo. Hiyo ni sawa.

*Toyota IST ya 2002 hadi 2007.* Kilomita 13 hadi 16 kwa ile ya lita 1.3. Pua fupi, matairi pembeni, hupita makorongo madogo kuliko unavyodhani. Mizigo si kazi yake.

*Toyota Rush au ndugu yake Daihatsu Be-go.* Kilomita 10 hadi 12. Injini ni lita 1.5, tumbo ni karibu sentimita 20, na zenye foo wili zina swichi ya kufunga difu ya kati ili nguvu igawanywe sawa mbele na nyuma. Kwa anayehitaji vyote viwili bila kuingia gharama za gari kubwa, sijaona linalokaribia hili. Angalizo: zipo nyingi zinazosukuma matairi ya nyuma tu, na kwa nje zinafanana kabisa. Chungulia chini uone kama kuna propela shafti inayokwenda mbele na difu katikati ya matairi ya mbele.

*Suzuki Jimny ya lita 1.3.* Kilomita 10 hadi 12. Ina chesesi kamili kama lori, ina gia nzito, na ni nyepesi. Kwa mtu wa pori, mwindaji au mfuga nyuki anayesafiri na mwenzake mmoja, inafika panapowashinda wakubwa. Kwa familia ya watano haifai.

*RAV4 ya 2000 hadi 2005, X-Trail ya kwanza, Forester.* Kilomita 8 hadi 10. Ni magari ya starehe na tumbo zuri, ila yako ukingoni mwa bajeti ya mafuta. RAV4 nyingi za lita 2.0 zilizotoka Japani zina injini ya D4, ambayo nozo zake humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ikianza kusumbua, si kila gereji inaiweza. Forester inataka matairi manne yanayolingana. Ukichanganya mapya na yaliyokwisha unaua mfumo wa foo wili kimya kimya.

*Prado, Surf, Pajero.* Uwezo wanao. Hesabu ya hatua ya 1 ndiyo itakayokuambia kama unawahitaji.

7. Piga hesabu ya gharama yote

Kwa gari la kuagiza, fungua kikokotoo cha magari cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) mtandaoni, weka aina, mwaka na ukubwa wa injini, usome jumla. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 na VAT ni 18, halafu kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: unapanda ukivuka sisi (cc) 1,000, yaani lita 1.0, na unapanda tena ukivuka 2,000. Gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na lililozidi 10 huongezewa 30. Viwango hivi hutegemea bajeti ya serikali, kwa hiyo angalia upya kila Julai inapopita.

Bei za mafuta EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huzitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kumbuka pia kwamba ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa ndani ya bei ya mafuta. Tangu hapo anayechoma lita nyingi ndiye anayeilipa kwa wingi.

Usisahau bei ya tairi. Tairi la ringi ya 14 na la ringi ya 17 hazikai meza moja, na njia ya shamba inayala yote.

8. Likague gari likiwa limepoa

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, likiwa la moto, uliza kwa nini. Kisha:

- Washa na uangalie moshi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Mweupe unaoisha baada ya dakika chache ni mvuke wa asubuhi, usioisha ni maji ya rejeta yanaingia ndani.
- Vua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa ya baridi tu. Maji yawe na rangi ya kuleni (dawa ya kupoozea injini), si ya kutu.
- Lala chini na tochi. Angalia sampu (bakuli la oili chini ya injini), bomba la moshi na mikono ya chini. Mikwaruzo mipya inakuambia gari lilikuwa linakwenda wapi. Kutu nene kila mahali ni ya magari yaliyotoka maeneo ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi.
- Pima kwa futi kitu cha chini kabisa. Mara nyingi ni mzinga wa silensa.
- Kwa gari lililoagizwa karibuni, omba karatasi ya mnada. Gredi ya 4 ni nzuri, 3.5 ni ya kawaida, R ni gari lililogongwa likanyooshwa. Linganisha kilomita za karatasi na za dashibodi.
- Linganisha namba ya chesesi na kadi, na uangalie madeni ya trafiki kwa namba ya gari kabla hujatoa senti.

9. Liendeshe kama utakavyoliendesha

Kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole kulia na kushoto. Mlio wa "ta-ta-ta" ni drafti shafti (mhimili unaozungusha tairi) iliyokwisha. Panda mlima. Pita kwenye matuta ukisikiliza bushi na shokapu. Kama lina foo wili, litie kwenye mchanga na uone matairi yote yakifanya kazi. Zile foo wili za kuingiza kwa mkono, kama ya Jimny, usizijaribu kwenye lami kavu ukikata kona, maana zinavunja gia.

10. Siku ya kwanza, weka kipimo chako

Badilisha oili na chujio. Weka oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Injini ya 1NZ hutumia 5W-30, na oili nzito ya 20W-50 inaifanya injini isukume kwa shida kila ukiwasha asubuhi. Jaza upepo kwa kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kikiandikwa 220 kPa, hiyo ni psi 32.

Kisha jaza tenki hadi pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongezee. Rudisha kile kipima safari kwenye sifuri. Endesha angalau kilomita 300, rudi sheli ile ile, pampu ile ile, jaza tena hadi ijikate. Umetembea 345 na zimeingia lita 24.6? Gawanya: 14 kwa lita. Iandike. Namba hii ndiyo itakayokuonya siku gari litakapoanza kuumwa, na bila kuwa nayo utabaki kubishana na fundi kwa hisia.

Angalizo: ukibadilisha matairi ukaweka makubwa zaidi, kipima kilomita kitasoma pungufu, nawe utadhani gari limeanza kula. Na anayetaka kulinyanyua gari kwa spesa za springi asizidi sentimita mbili au tatu. Zaidi ya hapo drafti shafti zinakaa pembe mbaya na mipira yake inachanika.

Ndani ya buti ziwepo: jeki yenye kipande cha ubao wa kuwekea chini yake, koleo fupi, kamba ya kuvutia, pampu ndogo ya upepo ya kuchomeka kwenye gari, tairi la akiba lenye upepo, na lita kumi za maji.

Likileta shida

*Linakula mafuta kuliko kipimo chako cha mwanzo.* Anza na vya bure. Pima upepo. Ondoa kerea ya juu kama huitumii. Tembea kilomita tano bila kukanyaga breki sana, shuka, sogeza kiganja karibu na kila ringi. Yenye joto kuliko wenzake, breki yake inashika. Halafu chujio la hewa, ambalo kwa njia ya vumbi huziba mapema kuliko kitabu kinavyosema. Halafu plagi.

*Vyote hivyo ni vizima na bado linakula.* Uliza kama kuna fundi aliyewahi kutoa themostati, kile kifaa kinachozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto. Hii ni tabia iliyoenea: gari likichemka mara moja, themostati inatolewa "ili lipoe". Injini inabaki baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inamwaga petroli zaidi safari nzima. Mshale wa joto ukichelewa sana kupanda, au ukishuka ukiwa kwenye lami spidi 80, nunua themostati mpya irudishwe, na chanzo halisi cha kuchemka kitafutwe.

*Taa ya injini imewaka.* Peleka kwenye mashine. Magari mengi ya Japani ya kabla ya 2008 hayaelewani na vile visomaji vidogo vya simu, kwa hiyo kisomaji kikisema hakuna kosa usikiamini. Sensa ya oksijeni iliyochoka ni chanzo cha kawaida cha petroli kuongezeka.

*Limekwama kwenye mchanga.* Acha kukanyaga mara moja. Kila mzunguko wa tairi unachimba kaburi. Shusha abiria na mzigo. Toa mchanga mbele ya matairi yanayosukuma na chini ya tumbo. Punguza upepo hadi psi 18. Toka kwa gia ya pili, taratibu, usukani umenyooka. Ukifika kwenye ardhi ngumu jaza upepo tena kabla ya kuzidi spidi 20, maana tairi lisilo na upepo hutoka kwenye ringi.

*Limegonga chini kwa kishindo.* Simama, zima, chungulia. Oili ikidondoka kutoka kwenye sampu usiwashe tena hata kwa mita mia. Sampu ni bei ndogo, injini si bei ndogo. Ikiwa ni silensa tu iliyopasuka, utarudi nyumbani na kelele.

*Mvua imeanza ukiwa shamba, na njia ni ya mbuga.* Ondoka wakati matone ya kwanza yanaanguka, au ulale huko. Mbuga huhitaji siku moja au mbili za jua kabla haijabeba gari tena, na anayejaribu katikati ndiye anayekwenda kutafuta trekta usiku. Kabla ya kila safari ya Machi hadi Mei piga simu kwa mtu wa kijijini umuulize kama jana ilinyesha.